Kikombe cha Mikono Inayotetemeka

Kikombe kililia vizuri, na hapo ndipo matatizo ya Odile Garraud yalipoanza. Kingelia vibaya asingeshtuka hata kidogo, maana alijua kwamba kilikwisha kuvunjika vipande vitano, na gundi iliyoviunganisha vipande hivyo aliipaka yeye mwenyewe, kwa brashi nyembamba kuliko kope.

Ilikuwa Jumanne, siku ambayo makumbusho yetu ya Saint-Aurance hayafunguliwi kwa wageni. Sheria inataka kila miaka kumi kila chombo kitolewe kabatini, kitazamwe juu na chini, kilinganishwe na kilivyoandikwa kwenye daftari kuu, kisha kirudishwe mahali pake. Odile alikuwa ametunza kauri za jumba lile kwa miaka thelathini na moja. Zilikuwa mia mbili na kumi na nne, zote za Kifaransa, zote za karne ya kumi na nane, nyingi zikiwa za ile kauri laini ya zamani inayochubuka hata kwa kijiko. Mjini tulimtania kwamba jumba likishika moto, Odile atalitoa kwanza bakuli la sukari, halafu ndipo atamkumbuka mkurugenzi.

Aliyekuja kukagua naye aliitwa Coralie Astruc, mkaguzi kutoka makao ya mkoa, mwanamke mchangamfu wa miaka arobaini hivi. Wawili hao walifanya kazi wakiwa wamenawa mikono na kuikausha. Coralie alikuwa akigonga kila chombo kwa ukucha, kama wanavyofanya watu wa kazi ile, kwa sababu kauri nzima hulia kama kengele ndogo, na yenye ufa hulia kavu. Alipofika namba tisini na mbili, akagonga. Kikombe kikalia, kikaendelea kulia, hata wote wawili wakatazamana wakingoja kinyamaze.

Kilikuwa kikombe cha buluu ya anga, na ubavuni kina ndege wawili waliochorwa ndani ya duara la dhahabu. Kisahani chake hakikufanana na visahani vingine. Katikati kilikuwa na kisima ambamo kikombe kilizama karibu nusu, ili mtu mwenye mikono inayotetemeka anywe chokoleti yake ya moto bila kujimwagia mbele ya wageni. Wakubwa wa zama zile walikuwa na chombo cha kuficha kila aibu ya mwili, na hiki kilikuwa kimojawapo. Kilitengenezwa kwa ajili ya nani, daftari halisemi.

Coralie akazima taa, akawasha ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo chini yake gundi hung'aa hata ikifichwa kwa ustadi gani. Hakikung'aa chochote.

"Madam Garraud," akasema taratibu, "daftari linasema hiki kilivunjika."

"Kilivunjika."

"Mbona ni kizima?"

Odile alikipokea. Kilikuwa na joto, kama kikombe kilichomwagwa kinywaji chake dakika mbili zilizopita. Akajisikia akisema kwa haraka kwamba mfanyakazi wa usafi ndiye aliyekivunja, mwanamke mmoja Mreno, Fernanda, ni miaka tisa sasa, na kwamba huenda wamechanganya namba. Hajamaliza kusema, nyuma yao, ndani ya kabati la vioo, kitu kikasema *tik*. Coralie alidhani ni bomba la kupasha chumba joto. Jioni, wakati wa kufunga, walilikuta bakuli la sukari lina ufa kutoka mdomoni hadi kwenye kitako, ufa wenye kona kama mguu wa jogoo. Coralie alisikitika, akaandika. Ufa ule Odile aliujua, maana aliwahi kuuunganisha, ila haukuwa kwenye bakuli la sukari.

Sasa nieleze jambo ambalo Odile hakumwambia mtu, hata padri. Miaka tisa nyuma alikuja mpigapicha wa gazeti. Katika kazi ya Odile, somo la siku ya kwanza ni kwamba kauri hushikwa kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu za pamba huteleza. Lakini mpigapicha alitaka glavu nyeupe. Alisema wasomaji wasipoona glavu nyeupe hawaamini kwamba kitu ni cha thamani. Odile alijua vizuri sana, akazivaa hata hivyo, kwa kuwa alitaka kupendeza gazetini. Picha zikapigwa, mpigapicha akaenda zake. Odile akabaki na kikombe mkononi, akijitazama kwenye kioo cha kabati, mwanamke wa miaka arobaini na tisa mwenye glavu nyeupe, akajiona anafaa. Alikigeuza kidogo ili dhahabu ishike mwanga. Kikamponyoka.

Fernanda Quintela alikuwa akipiga deki chumba cha pili. Alisikia, akaja mbio, akapiga magoti na kuanza kuokota vipande kimoja kimoja. Mkurugenzi wa wakati ule alipoingia alimkuta Fernanda magotini, vipande viganjani, na Odile amesimama, glavu keshazitia mfukoni. Akauliza imekuwaje. Odile akasema kwamba Fernanda alipofuta meza asubuhi alikisogeza kikombe ukingoni, na sasa kimeanguka. Fernanda alimtazama, akaitazama meza. Ni kweli asubuhi ile alikuwa ameifuta meza. Mwisho wa mwezi aliambiwa asirudi. Odile akachukua daftari kuu, na kwa mwandiko wake ambao mji mzima uliusifu akaandika kwamba namba tisini na mbili ilivunjwa na mfanyakazi wa usafi, F. Quintela.

Huo ndio mzigo wake. Kwa miaka tisa aliubeba vizuri tu, kama wengi wetu tunavyobeba ya kwetu, na siku nyingine aliusahau kabisa.

Alhamisi mkurugenzi mpya, Bwana Loubeyre, alipanda juu kuona hicho kikombe kilichojiponya. Alikuwa mtu wa mzaha, akasema kama kinaweza kujiponya basi kiponye pia paa la jumba. Kisha akauliza habari za kuvunjika kwake. Odile akasema tena yale yale, safari hii kwa sauti ndogo zaidi. *Tik*. Sahani ya maua ya waridi ikapasuka mbele ya macho ya mkurugenzi, polepole, ufa ukitembea kama mtu anayetafuta njia. Na chumbani kukawa na harufu ya chokoleti ya moto yenye mdalasini. Mlinzi wa mlangoni, aliyekatazwa hata peremende, alinung'unika kwa wenzake kwamba wakubwa sasa wanajipikia humo humo makumbushoni.

Ijumaa Odile hakutaka kusema tena kwa mdomo, akaketi kuandika taarifa. Alipofika kwenye jina la Fernanda, kabla hajaweka nukta, sanamu ndogo ya msichana mchunga kondoo, ile ya kauri nyeupe isiyopakwa rangi ambayo Odile aliipenda kuliko zote, ilijipasua shingoni. Kichwa kikalala begani. Odile aliitazama taarifa, akaitazama sanamu, akaelewa. Kila akiurudia uongo ule, chombo kimoja kinakufa. Mia mbili na kumi na nne. Alikuwa hana mume wala mtoto; alichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya makabati yale, na ulimi wake ulikuwa ukikivunja.

Kuna watu ambao hapo wangekwenda moja kwa moja kusema ukweli. Odile alitaka kwanza ajue kama hakuna njia nyingine.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa bado mezani ghorofa ya chini, alijifungia peke yake kwenye chumba cha kauri. Jua la Desemba lilikuwa dirishani, limefifia. Akasimama mbele ya namba tisini na mbili akasema, "Fernanda." Hakikutokea kitu. Akasema, "Fernanda alifuta meza." Kimya. Akasema, kwa mnong'ono ambao hata yeye aliusikia kwa shida, "Fernanda alikivunja," na kabla mnong'ono haujatoka wote kinywani akasikia, si *tik* moja, bali sauti nyingine kabisa, sauti kavu ya jiwe likisugua dhahabu, taratibu, mbele na nyuma, kama vile wanawake wa karakana za zamani walivyokuwa wakisugua mapambo ya vikombe hadi yang'ae, na sauti ile ikawa inatoka kabati la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, ikimzunguka kwa upole wa mtu asiye na haraka, na harufu ya chokoleti na mdalasini ikapanda mpaka akaionja kooni, na alipoinua macho akaona kwenye kioo cha kabati sura yake mwenyewe, nywele zake, miwani yake, sweta lake la kijivu, na mikono yake iliyokuwa mitupu, ambayo aliihisi kuwa mitupu, ambayo aliitazama akaona ni mitupu, lakini mle ndani ya kioo ilikuwa imevaa glavu nyeupe, na mikono ile ya kiooni ikainuka ingawa yake haikuinuka, ikakishika kikombe, ikakigeuza kidogo ili dhahabu ishike mwanga, na kusimama hapo, ikimngoja.

Aliruka akakishika kikombe halisi ili kisianguke. Kikamuunguza vidole vyote kumi. Alikirudisha kisimani mwake, akatoka nje bila koti, na kwenye ngazi akakaa akalia, si kwa maumivu.

Mwenye duka la dawa alivitazama vile vidole vilivyovimba malengelenge, akampa marhamu, kisha akainama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa yeye angekwenda kwa Mzee Peyrichou. Kwetu huku kwenye matanuri ya kauri hakuna familia isiyomjua mfunga moto wake, mtu anayepoza majeraha ya moto kwa pumzi na maneno ya siri. Mtu akiungua anapelekwa hospitali, na njiani anapigiwa simu mfunga moto, na madaktari wanajua na wananyamaza. Mzee Peyrichou alikuwa amechoma kauri kiwandani miaka arobaini. Sheria yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Ukitoka kwake, humwambii asante.

Odile alimkuta jikoni amevaa viatu vya sufu, akinywa supu mbele ya televisheni. Hakusimama.

"Umeungua na nini?"

"Kikombe."

"Kilikuwa na nini ndani?"

"Hakikuwa na kitu, mzee."

Akavichukua vidole vyake, akavipuliza, akanong'ona yale maneno ambayo huambiwa mtu mmoja tu katika kila kizazi. Akanong'ona tena. Kisha akamwachia mkono, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Mimi hufunga moto," akasema. "Huu si moto. Hili ni joto la uso wa mtu aliyeaibishwa. Nani ameaibishwa hapa, wewe au mwenzako?"

Odile alimwambia yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia kwa sauti yake, glavu, kioo, Fernanda magotini, daftari. Mzee aliipunguza sauti ya televisheni, heshima ambayo nasikia hakuwahi kumpa hata meya.

Akamweleza kwamba tanurini huwa na wakazi, na wengine hutoka na vyombo. Huyu wa kikombe kile chakula chake ni mtetemo wa mikono, ndiyo maana alipenda kikombe cha namna ile. Kilipovunjika alibaki bila nyumba, akamtafuta aliyekivunja, akae ndani yake.

"Na wewe ukamwonyesha mtu kwa kidole," akasema. "Akaenda. Miaka tisa amekaa kwa yule Mreno wako, huku akikiunga kikombe chake kidogo kidogo, na siku ulipokishika kikombe ukarudia uongo wako, akausikia. Sasa anajua alielekezwa kwa mtu siye. Hawa watu wanadanganya wao, mdogo wangu. Hawajazoea kudanganywa."

"Nifanye nini?"

"Nenda kamwambie yeye, masikioni mwake. Padri hatoshi. Mkurugenzi hatoshi. Halafu kikombe akishike kwa mikono yake."

"Na mimi itakuwaje kwangu?"

Mzee aliongeza sauti ya televisheni. "Toka polepole," akasema, "na usinishukuru. Ukinishukuru huyo wa kikombe atabaki hapa kwangu, nami hata bila yeye supu naimwaga."

Odile alilelewa kushukuru hata mtu aliyemkanyaga mguu. Alitoka amebana midomo, akajiona mtovu wa adabu, na kwa namna fulani akaona hilo linamstahili.

Bado hakwenda. Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Jumanne asubuhi alifungua daftari kuu. Mle hakuna kufuta. Ukikosea, unakata mstari kwa wino mwekundu, unaandika yaliyo kweli pembeni na kutia herufi za jina lako. Akalikata jina la Fernanda. Mahali pake akaandika: kilivunjika wakati wa kushughulikiwa. Hakuna uongo katika maneno hayo. Hakuna mtu pia. Akaweka kalamu, akangoja, na makabati yakajibu mara nne mfululizo, *tik, tik, tik, tik*, na Coralie akaja mbio kutoka chumba cha pili, kama Fernanda alivyokuja siku ile, akasimama mlangoni.

"Madam," Coralie akasema, "kuna nini humu ndani?"

Odile alichukua koti lake.

Fernanda alikaa kwenye zile nyumba za ghorofa nyuma ya stesheni ya reli. Alifungua mlango, na kabla Odile hajasema kitu, uso wake uling'aa kwa furaha iliyomfanya Odile atamani angefukuzwa. Alimkaribisha, akatandika kitambaa mezani, akaomba radhi kwa fujo ambayo haikuwepo. Chini ya meza mjukuu wake Leonor, wa miaka mitatu, alikuwa akichora. Mikono ya Fernanda ilitetemeka. Haikuwa kutetemeka kidogo. Alimimina kahawa akishika birika kwa mikono miwili, na hakujaza zaidi ya nusu. Vikombe vilikuwa vya bati.

"Utanisamehe kwa vikombe, Madam Odile. Vya kauri niligawa vyote. Mikono hii haiaminiki."

"Tangu lini, Fernanda?"

"Madam anajua tangu lini."

Odile alifumbua mdomo, lakini Fernanda alikuwa amengoja miaka tisa kusema na akamtangulia. Alisema kwamba alitaka siku nyingi kuja makumbushoni kuomba radhi, ila aliona haya kupita mlango ule. Alisema kwamba kila Pasaka huungama kile kikombe, na padri amechoka nacho, mwaka jana alimwambia Mungu amekwisha kusikia, amletee dhambi nyingine. Alicheka kidogo. Kisha akasema kwamba usiku hulala akijaribu kukumbuka alikisogezaje, akapitisha kitambaa upande gani, na hakumbuki.

"Lakini Madam aliona," akasema. "Na Madam si mtu wa kusema uongo. Basi nilikisogeza." Akamtazama mtoto chini ya meza. "Huyu sijawahi kumbeba nikiwa nimesimama. Hata alipozaliwa. Mama yake ananiwekea mapajani nikiwa nimekaa kwenye kochi, halafu anasimama karibu."

Odile aliwahi kudhani kwamba kosa lake lilikuwa kumwachisha mtu kazi. Alikuwa amelipima hivyo miaka yote, na kwa kipimo hicho aliweza kulala. Sasa aliiona mikono ile juu ya kitambaa, ikitetemeka kwa hatia isiyokuwa yake, na aibu ikampanda, aibu ya kuwa ameaminiwa.

"Bi Quintela," akasema. Katika miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. "Hukukisogeza. Hakikuwa mezani. Kilikuwa mkononi mwangu, nami nilivaa glavu."

Jikoni jokofu lilinguruma, likanyamaza.

"Glavu za pamba?" Fernanda akauliza.

"Ndiyo."

"Siku yangu ya kwanza kazini wewe ndiye uliyenivua glavu. Uliniambia pamba inateleza. Uliniambia, Fernanda, kauri inataka kuguswa na mtu, si na kitambaa."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua."

Fernanda alitazama mikono yake muda mrefu, kama mtu anayetazamwa na mbwa aliyempiga bure. Kisha akasimama, akamvalisha mtoto koti, akajifunga kitambaa kichwani. Alisema maneno mawili tu, kiko wapi, wakaingia garini.

Makumbusho yalikuwa yamefungwa, Jumanne ile ile. Fernanda alimwacha Leonor kwa mlinzi chini, akapanda ngazi, na kwenye chumba cha kauri walikuwapo Coralie na Bwana Loubeyre wakihesabu vilivyopasuka. Vilifika saba. Fernanda akasimama katikati ya chumba alichowahi kukisafisha, akamwambia Odile aseme tena, mbele ya hawa. Odile akasema. Alisema kila kitu, na glavu, na mfukoni alikozificha, na nafsi yangu inaniambia kwamba hajawahi kusema jambo gumu zaidi. Mkurugenzi alitazama viatu vyake. Makabati yalinyamaza.

Kisha Fernanda akanyoosha mikono yake mitupu na kukitoa kikombe kwenye kisima chake. Kikombe kilianza kugonga ukingo wa kisahani, tatatata, kwa mtetemo wa mikono ile, na harufu ya chokoleti na mdalasini ikajaa chumbani hata Coralie akaziba pua, na ile sauti ya jiwe juu ya dhahabu ikaanza tena, mbele na nyuma, ikitoka kwenye kikombe, ikipanda mikononi mwa Fernanda mpaka viwikoni, na Odile, ambaye hakuthubutu kuangalia kioo, akaangalia, akaona sura yake ikivua glavu nyeupe, kidole kimoja kimoja, bila haraka, na kuziweka chini mahali ambapo hapakuwa na meza. Kugonga kukapungua. Kukaacha. Fernanda alikuwa amekishika kikombe juu, mikono yake imetulia kabisa, naye akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyerudi kutoka mbali.

Akakigonga kwa ukucha. Kililia kavu. Coralie akawasha tochi ya zambarau bila kuambiwa, na mistari ya gundi ikang'aa, vipande vitano, mguu wa jogoo.

Fernanda akakiweka mezani, katikati, mbali na ukingo.

"Sikusamehe leo, Odile," akasema, bila Madam. "Labda siku nyingine. Leo mjukuu wangu ananingoja."

Odile alitaka kusema asante. Akajiuma ulimi. Kupitia dirisha alimwona Fernanda akitoka uani, akiinama, akimwinua Leonor kutoka chini, amesimama wima, na mtoto akashangaa jinsi dunia inavyoonekana kutoka juu pale. Walizunguka mara moja. Mlinzi anasema Fernanda alikuwa akilia, lakini hakumteremsha mtoto mpaka kituo cha basi.

Coralie akasema, kwa upole, kwamba sasa kirudishwe mahali pake. Odile akakichukua kikombe ili akitie kwenye kisima cha kisahani. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo bila kuangalia. Kikaanza kugonga. Tatatata. Alikibana kwa mikono miwili, kikagonga zaidi, na chini ya ngozi ya viganja vyake alihisi kitu kikijigeuza na kutulia, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari ndefu. Coralie alikichukua kutoka mikononi mwake, akakirudisha yeye.

Tangu siku hiyo hakuna chombo kilichopasuka. Odile hapewi tena kushika kauri. Anakunywa kahawa yake nusu kikombe, kwenye kikombe cha bati, na tukikutana naye mkahawani tunatazama pembeni anapoinua, maana anaona haya.

Kabla ya kuondoka kazini alikuwa na jambo moja la kumalizia. Alikaa mbele ya daftari kuu na kalamu ya wino mwekundu, akakata maneno yale aliyoyaandika kwa woga, akaandika aliyekivunja kikombe. Ilimchukua karibu saa nzima. Ukifungua ukurasa ule leo utaona juu ule mwandiko mzuri tuliousifu, na chini yake mstari mwekundu unaopanda na kushuka, herufi zimekimbiana, tarehe haisomeki. Lakini jina linasomeka.